Mstari Mmoja wa Mheshimiwa Iracilda

Saa tatu asubuhi benchi la saruji mbele ya duka la mikate la Pedra Mansa lilikuwa limeshapata wenyewe. Profesa, ambaye shule aliiona kupitia dirisha tu, alishika upande wa kivuli. Gasosa, aliyepewa jina hilo la soda kwa kutoa povu akizungumza, alikaa juani. Katikati yao Odilon, mchonga mawe ya makaburi, hakuwa na raha hata chembe. Kwenye karakana yake lilimngoja jiwe la heshima la mbunge wao anayestaafu. Alishachonga jina: Iracilda Fontoura, miaka kumi na miwili bunge la jimbo, kumi na sita bunge la taifa. Chini yake madiwani waliacha mstari mmoja wa kusema ameufanyia nini mji. Mheshimiwa anafika saa nane kulizindua, na Odilon katika maisha yake hajawahi kuchonga uongo, hata kwa marehemu waliomwomba.

— Andika daraja, Profesa alisema.

— Daraja babu yangu alilibebea mawe. Mama huyo alikuwa hajazaliwa.

— Basi alilipaka rangi.

— Rangi gani?

— Ilishabanduka. Ulitaka ikusubiri wewe?

Gasosa akasogeza kikombe.

— Siasa hamzijui nyie. Kule jimboni alipitisha sheria ya Siku ya Jibini.

Odilon akapata matumaini.

— Hiyo kweli. Siku yenyewe tulifanya nini?

— Tulikula jibini.

— Na siku nyingine?

— Tulikula pia, ila bila sheria.

— Sasa hilo nalichongaje, kaka?

— Ngoja nimalize. Kule Brasília, bunge la taifa, akawapelekea jibini hilo hilo. Serikali wakala, upinzani wakala, wote wakasinzia. Ndiyo maana vita haikutokea.

— Vita gani? Acha kamba.

— Si nimekwambia haikutokea?

Profesa akatikisa kichwa kwa busara.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inaingiaje hapo, Profesa?

— Haiingii. Lakini ni ya kweli.

Dona Zulmira, mama wa duka la mikate, alikuwa akizunguka na chupa ya kahawa, akimimina ya mwisho mwisho.

— Mimi nimempigia kura mara saba, alisema.

— Kwa lipi, mama?

— Anacheka vizuri.

Hata wao walimpigia mara saba, na sababu kama hiyo hawakuwa nayo. Odilon alimhurumia mheshimiwa, akajihurumia na yeye.

Basi likashusha mama mmoja mgeni mwenye sanduku.

— Hamjambo wazee. Naomba nafasi nifunge kiatu.

Wakabanana. Akafunga, akapigapiga saruji kwa kiganja.

— Benchi imara hili. Nani aliwawekea?

Gasosa alimtazama Profesa. Profesa aliitazama kahawa yake. Miaka ishirini na minane wamekalia benchi lile, wala hawajawahi kujiuliza.

Odilon alizunguka nyuma, upande wa ukuta, akainama, akakwangua ukungu kwa patasi. Maandishi yakatokea moja moja: Zawadi ya Mbunge Iracilda Fontoura. Akaondoka mbio bila kuaga, mtu wa miaka sitini na tatu, furaha imemjaa mpaka miguuni.

Saa nane kitambaa kilivutwa. Chini ya jina palisomeka: ALITUPATIA PA KUKAA.

Mheshimiwa alisoma mara mbili. Kisha akacheka, na kweli anacheka vizuri. Akavuka barabara mpaka kwenye benchi walipokaa wazee.

— Sogeeni, aliwaambia. Porojo mmefikia wapi?