Wimbo wa Taratibu

Dijei wa baa alikaa dirishani ndani ya basi la asubuhi, akijizoeza kwa sauti ya chini maneno ya kumwambia bosi wake. "Naomba uniongeze mshahara. Mimi ndiye ninayewakalisha wateja."

"Naye atajibuje?" akauliza mama mtu mzima aliyekaa kando yake.

Dijei akaona haya. "Atasema watu wanafuata bia, mama. Muziki hata flashi ya nyimbo inapiga."

Akamtajia baa yenyewe. Mama akashusha pumzi. "Mbona nakaa ng'ambo ya barabara! Jumamosi moja hukuwepo."

"Niliugua. Wakaweka flashi."

"Nilijua. Nyimbo zilikuwa zilezile, ila zilipita tu kama magari. Wewe wimbo ule wa taratibu huukatizi, unauacha mpaka gitaa linyamaze lenyewe. Tulipokuja kuucheza, marehemu mume wangu hakukubali tukae kabla ya hapo. Siku hizi nausikiliza jikoni, nimesimama peke yangu."

Wimbo ule Dijei aliupiga kwa kuupenda mwenyewe tu. Walevi wengi waliutumia kwendea msalani.

"Njoo umwambie bosi hivyohivyo, mama."

"Mimi? Tangu tumzike sijakanyaga mle."

"Saa hizi hamna mtu. Viti bado viko juu ya meza."

Basi likasimama mbele ya baa. Dijei akatangulia kushuka, akampa mkono. Mama akaushika, akateremka taratibu huku akiutazama mlango wa baa, na hata miguu ilipofika chini hakuuachia mkono ule.