Ufunguo Alioushika Bibi

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, salaam. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyorudi chuo kikuu baada ya kuzuiwa. Nitaeleza, ila sitamtaja mtu kwa jina.

Baba alipofariki nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nimalize masomo Kampala. Nilikuja Pangani msibani. Ami yangu, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, akasema, "Basi. Msichana wa nyumba hii akikua hukaa ndani. Babako alikulegezea, mimi sitaki maneno ya watu." Mlango ukafungwa, ufunguo akapewa bibi, yaani mamake. Nilikonda. Nywele sichani, mtu simsemeshi. Ndugu zangu, nawaambia, hata kuuliza maswali nilikoma, nanyi mnanijua.

Sandukuni nilikuwa na riwaya moja ya Kiingereza, hadithi ya nchi ya kubuni, ya miaka ijayo, ambamo mwanamke haruhusiwi kuvuka kizingiti. Alasiri moja bibi, huku anasuka ukili wa mkeka, akaniambia, "Mjukuu wangu, hicho unachokililia kinasema nini? Nisomee nami nilie."

Nikawa namfasiria kidogo kidogo. Majirani wawili wakazoea kuja kusikiliza. Nilidhani watahuzunika, kumbe wao wana maswali. Maji nani anachota? Mchumba anaonwa vipi? "Mwandishi huyu hajapata kuoza binti," akasema mmoja wao, tukacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Kisha bibi akauliza, "Hao wanaume wakienda kazini, nani anawazuia wanawake?"

"Kila mtaa una mwanamke mmoja anayeshika funguo."

"Yeye anatoka?"

"Hadi sokoni na kurudi."

"Kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Bibi akakunja ukili wake, akaingia ndani. Nikadhani nimemkosea, na kitabu kitaishia jikoni.

Jioni ami aliporudi, bibi akamwekea ufunguo kwenye sinia, kando ya wali. "Mwanangu, mimi nimechoka. Ukitaka huyu afungwe, kaa wewe mlangoni."

"Mama, na duka je?"

"Hilo nalo utaangalia."

Alikaa kweli siku chache, wateja wakimfuata hadi barazani, wengine wakimtania kwamba aliyetawishwa ndani ni yeye. Kisha akanipa nauli. Nikarudi, nikamaliza.

Nimejiuliza sana: lilikuwa jambo la kitabu, au magoti ya bibi yalikuwa yamechoka kuinuka kila mlango ukibishwa? Nilimwuliza. Akasema, "Nilitaka kujua tu ami yako atafanya nini."

Namshukuru bibi, na majirani wale, na ami pia, maana nauli aliitoa yeye. Sidai kwamba kitabu hufungua mlango; hilo bado nalichunguza. Lakini wapo humu wenye binti ndani, na baba mtu saa hizi yuko kazini. Mama yangu, kama ufunguo umeufunga kwenye pindo la kanga yako, mrudishie mwenyewe, ukae pembeni, utazame.