Kibali Kilichotangulia Kikao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Ndugu Mkurugenzi wa Mfuko wa Bima ya Afya; Mganga Mkuu wa hospitali hii; madaktari na wauguzi; ndugu wageni waalikwa; na nyinyi wazazi wenzangu mliosimama huko nyuma ya viti: nawasalimu nyote kwa heshima. Mkiniona napiga miayo, msidhani sherehe imenichosha. Nina mtoto ambaye usiku kwake ni mchana, na moyo wake una tundu.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi wa wodi ya watoto, na shukrani natoa. Ukumbi huu wa huduma za bima tunaouzindua leo ni mzuri kwelikweli. Kuna feni, kuna viti, kuna madirisha mapya ya vioo, na nyuma ya kioo kimoja atakaa afisa wetu ambaye sisi wazazi tumembandika jina la Bwana Rudi Kesho. Mnamwona anavyocheka, analijua. Si mtu mbaya. Akikunyima jambo anakunyima kwa adabu, mpaka unaondoka umemwambia asante.

Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nina siku kadhaa najiuliza: hiki kinachoelea mbele yangu kimeundwa na nani?

Mwanangu anahitaji upasuaji ambao haufanyiki hapa. Lazima apewe rufaa, na rufaa haiendi bila kibali cha Mfuko. Daktari alipeleka ombi letu pamoja na la jirani yangu wa kitanda, Mama Pacha, ambaye mmoja wa pacha wake ana tundu kama la wangu. Daktari mmoja, siku moja, bima ile ile. Na kila tulipomuuliza afisa wetu dirishani, jibu lilikuwa lile lile.

"Mama, ombi liko kwa bodi."

"Bodi inakaa lini, kaka?"

"Daktari mshauri wao yuko safarini. Akirudi, watakaa."

"Na mtoto nimwambie asubiri?"

"Usinikasirikie, dada yangu. Mimi ni dirisha tu."

Kisha tukaambiwa kwamba ombi likikaa sana linafutwa, isipokuwa mtoto aletwe tena dirishani ahakikiwe kwa alama ya kidole. Tukasema watoto wako kwenye oksijeni. Tukajibiwa kuwa mashine ya vidole haipandi ngazi. Basi tukawateremsha, mimi wangu, yeye wake, muuguzi nyuma yetu na mtungi, na Mama Pacha akasema, "Haya, mhakiki. Ni yule yule, ila amechoka zaidi." Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni.

Wiki iliyopita afisa uhusiano wa Mfuko alikuja wodini na mpiga picha. Kamera, Mheshimiwa, ilipanda ngazi bila shida yoyote. Wakapita kitanda kwa kitanda, mwanangu akawatabasamia, tukachaguliwa.

"Siku ya uzinduzi utasema maneno mawili matatu ya shukrani," akaniambia.

"Nishukuru nini, na kibali sijapata?"

"Kitapatikana, mama. Ondoa shaka."

Jua halijazama, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: kibali kimetolewa. Wa kwanza kunikumbatia alikuwa Mama Pacha. Kisha akatazama simu yake, akaigeuza kifudifudi kitandani, akasema, "Labda mtandao."

Kesho yake nikateremka dirishani. Daktari mshauri amerudi? Bado. Bodi imekaa? Haijakaa. Sasa kibali changu kimetoka wapi? Bwana Rudi Kesho akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Dada, ukipewa, pokea." Nisamehe, kaka, kwa kukutaja hadharani. Wewe peke yako hukunidanganya.

Nauliza basi, kwa upole. Kama kibali kinaweza kutoka bila bodi, bodi tulikuwa tunaingojea ya nini? Na kama hakiwezi, mimi nimepewa nini? Mwanangu anakwenda kutibiwa kwa haki yake ya mtegemezi wa mwanachama, au kwa tabasamu lake? Na yule pacha, ambaye hawezi kutabasamu kwa sababu anatweta, kosa lake ni lipi?

Mama mkwe wangu alinionya jana. "Mwanangu, soma ulichoandikiwa, ushuke. Mdomo uliponza kichwa." Namheshimu, yule pale, amempakata mjukuu wake. Na ninaogopa, sitaficha. Tunatakiwa kusafiri Jumatatu, na sina mtoto wa akiba.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe, namwomba Ndugu Mkurugenzi apige simu ile ile iliyopigwa kwa ajili yangu. Mama Pacha amesimama pale mlangoni, mwenye khanga ya kijani. Hana haja ya kipaza sauti. Ana haja ya kibali.

Na hiki cha kwangu, kama ni haki ya mwanangu, maneno yangu hayawezi kukifuta. Kikifutwa kuanzia leo mpaka Jumatatu, basi nyote mlioketi hapa ni mashahidi wangu kwamba hakikuwa kibali. Yalikuwa malipo ya hotuba, na hotuba haikuwapendeza.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, tumsikilize Mkurugenzi akipiga simu.