Miaka Kumi na Saba ya Kukaimu: Maisha ya Mama Futi

Tumekuja kumsindikiza dada, mke, mama na bibi. Nyumbani alikuwa Dada Mkubwa. Kazini kila mtu alimwita Mama Futi, kwa sababu ya futi ya kushonea aliyoivaa shingoni hata siku ambazo hakuwa na kitu cha kupima. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike kwa ruhusa ya mume na watoto, nao waliomba jambo moja tu: marehemu asipambwe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta. Baba alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho na mama alikuwa akifua nguo za watu. Kazi ya kukata miche ya sabuni ilikuwa ya Dada Mkubwa tangu ana miaka sita. Aliuzungushia mche uzi, akavuta, na vipande vinane vikalala mezani sawasawa kama mapacha. Mama alizoea kuwaambia majirani, "Huyu ana mizani machoni."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1978. Alifaulu masomo yote isipokuwa hisabati. Alipata F. Jambo hili halijawahi kusemwa mbele ya ukoo, na leo linasemwa kwa sababu yeye mwenyewe aliacha kulificha. Karatasi ya mtihani ilikuwa na duara lililochorwa vizuri, na swali likamtaka atafute nusukipenyo. Aliliangalia lile duara mpaka muda ukaisha. Halikuwa duara la kitu chochote alichokijua.

Mwaka uliofuata alipelekwa kwa shangazi, fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja sokoni. Huko alifundishwa kukata sketi ya mwamvuli, ile inayokatwa kama duara lenye tundu la kiuno katikati. Shangazi hakujua kusoma, lakini kanuni yake ilikuwa fupi: "Chukua kiuno, gawa kwa sita, halafu rudi nyuma kidogo." Kiuno cha sentimita sitini na sita kilitoa kumi na moja; ukirudi nyuma nusu sentimita, kitambaa kilikaa mwilini kana kwamba kilizaliwa nao. Miezi mingi ilipita kabla hajang'amua kwamba kile alichokuwa akikikata kila siku ndicho ile nusukipenyo iliyomwangusha kwenye mtihani. Alisema siku hiyo aliweka mkasi chini akatoka nje kulia, na shangazi akadhani amejikata.

Ndoa yake ilianzia dukani humo. Kijana mmoja fundi redio alileta suruali ipunguzwe. Akarudi ipunguzwe tena. Alipokuja mara ya tatu shangazi alimwambia, "Baba, sema unachotaka. Ukirudi tena utatoka hapa na kaptula." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mume wake alikuwa mtu pekee aliyejua habari ya ile F, na aliitunza kwa miaka ishirini na minane bila kumwambia hata mama yake mzazi.

Mwaka 1986 marehemu aliajiriwa kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, na hiyo ndiyo miaka aliyoiita miaka yake. Karakana ilikuwa na vyerehani kumi na vinne na madirisha marefu upande wa mashariki. Alifundisha hesabu ndani ya kitambaa, bila kuzitaja kwa jina, mpaka mwanafunzi akishazimudu ndipo anamwambia, "Ulichofanya hapo ndicho kile ambacho vitabu huwatishia watu." Ikafika mahali wasichana wa ushonaji wakawapita wavulana wa umeme kwenye mtihani wa hisabati, na wakubwa wakaja kuuliza kulikoni.

Jumatatu, tarehe 4 Februari 2002, alipewa barua ya kuwa Kaimu Mkufunzi wa Hisabati ya Ufundi. Kazi ilikuwa kuwafundisha walimu wa fani zote, wa uashi, bati, uchomeleaji, useremala, namna ya kuimarisha hisabati katika madarasa yao. Barua ilisema miezi sita. Aliacha karakana yake kwa mwalimu kijana, akamwomba asihamishe meza ya kukatia.

Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya vipuri. Dirisha lake lilikuwa na nondo na lilitazama ukuta wa jenereta. Ukinyoosha mkono unaugusa. Humo ndimo alimotengeneza utaratibu wake. Alimkalisha mwalimu wa fani na mwalimu wa hisabati kwenye benchi moja, akawawekea kazi halisi ya muhula ule, ngazi au ndoo au paa, kisha akampa kila mmoja chaki nyekundu aweke alama mahali anapoona namba imejificha. Alama zilipogombana ndipo somo lilipoanza.

Kuna ndoo ambayo walimu waliohudhuria hawataisahau. Mwalimu wa hisabati alikokotoa mzingo wake hadi milimita, na mwalimu wa bati akakata vilevile alivyoambiwa. Kitako kilikataa kuingia.

"Mbona ndogo?" Mama Futi akauliza.

"Nilijua itakuwa ndogo," mwalimu wa bati akajibu. "Hajaweka mkunjo wa kuungia."

"Sasa mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Mama, nani atabishana na hisabati?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawaambia wote kwamba mwalimu akiiogopa hisabati, atakata bati zima vibaya huku anajua anakosea. Wenzake wanasema aliyasema hayo akiwa ameacha kucheka ghafla.

Miezi sita ilipita, ikawa mwaka, ikawa minne. Kila Januari ilikuja barua ya mstari mmoja: aendelee kukaimu. Ili athibitishwe kazini alitakiwa kupeleka nakala ya cheti cha kidato cha nne, chenye ufaulu wa hisabati. Ofisa wa utumishi alimkumbusha kwa upole, "Mama, ni cheti tu. Lete tukamilishe faili." Naye akajibu, "Nakitafuta." Alikitafuta kwa miaka kumi. Watu walidhani kimeliwa na panya. Kilikuwa chini ya godoro lake.

Familia iliona alivyobanwa. Alirudi nyumbani akakaa na viatu mguuni hadi chakula kikapoa. Alikuwa mkali kwa watoto juu ya mambo madogo. Cherehani yake ilikaa miaka chini ya shuka, na mtu akiigusa alifokewa. Siku moja mdogo wake alimuuliza kwa nini asiache tu. Alijibu, "Niseme naacha kwa sababu gani? Nikitaja sababu, nimejitaja." Kisha akaongeza taratibu, "Nimeshonewa ndani ya koti la mtu, kama sindano iliyosahauliwa. Nikitikisika namchoma, nikitulia naota kutu."

Mwaka 2012, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alijiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Msimamizi wa chumba alikuwa mwalimu wa useremala aliyefundishwa na marehemu mwenyewe. Alipomwona akavuta kiti cha mbele, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Karibu mkufunzi wangu. Umekuja kutukagua?"

"Hapana, mwanangu. Leo nakaa kule nyuma."

Kabla ya jioni chuo kizima kilikuwa kimejua.

Matokeo yalitoka Februari 2013. Alipata C. Alipeleka cheti ofisini akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe wiki ile, la kwanza baada ya miaka mingi. Ofisa alikisoma, akakigeuza, akakohoa.

"Hongera sana, mama. Shida ni kwamba mwongozo ulibadilika mwaka jana. Sasa cheo hiki kinataka shahada."

"Basi nirudisheni karakana."

"Kule nafasi ilishajazwa. Halafu tukikuachia, hapa nani atashika?"

"Kwa hiyo sistahili kuwemo, na siruhusiwi kutoka?"

"Mama, ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Niseme vipi, baba?"

Marehemu alichukua cheti chake akaenda moja kwa moja darasani, ambako walimu ishirini na sita walikuwa wakimsubiri. Walikuwa wakinong'ona. Akabandika vyeti vyote viwili ubaoni, cha mwaka 1978 na kile kipya, akasema, "Nimewafundisha miaka kumi na moja nikiwa na hiki cha kushoto. Nilikuwa naogopa mtu akiniuliza. Haya, ulizeni."

Mwalimu wa uchomeleaji, anayeitwa Cheche, aliinuka. "Mimi nilipata F mbili, mama. Ya kwanza, na ya marudio." Watu wakacheka, kisha mwingine akainua mkono, na mwingine. Mikono ilifika kumi na tisa. Mwalimu wa uashi, mzee karibu na kustaafu, alisema akitazama meza, "Ndiyo maana ukurasa wa pembe huwa nawaambia vijana wakausome nyumbani. Miaka ishirini nawaambia hivyo." Mama Futi akamwambia afungue ukurasa huo. Walikaa nao hadi saa za kutoka zikapita, na wiki iliyofuata mzee yule aliufundisha mwenyewe mbele ya vijana wake. Tangu hapo kila kundi jipya lilianza kwa mikono kuinuliwa.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba baada ya hapo alifunguliwa. Hakufunguliwa. Barua ya Januari iliendelea kuja. Aliomba kurudi karakana mara nne kwa maandishi. Hata hivyo, alikuwa ameanza kulala usingizi, na shuka haikurudi tena juu ya cherehani.

Machi 2018 miguu ilianza kuvimba, na hospitali ikagundua kwamba figo zimechoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliomba kustaafu kwa ugonjwa. Alijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Walimu walimfuata wodini na maandalio yao ya somo, na muuguzi mmoja aliwafukuza hadi marehemu alipomwambia, "Waache, dada, wasije wakaangusha paa la mtu." Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na walimu mia nne na kumi na wawili aliowafundisha, ambao wengi wako hapa.

Ameacha pia nafasi moja wazi. Juzi Alhamisi ofisa alikuja nyumbani kutoa pole, na kabla ya kuondoka akamvuta Cheche pembeni, akamkabidhi bahasha. Cheche aliifungua palepale, mbele ya wafiwa, akasoma neno la kwanza la cheo, Kaimu, akaikunja barua.

"Mheshimiwa, kazi naitaka," alisema. "Nimefundishwa na mwenyewe na ninaiweza. Ila nitaingia chumba kile siku mtakapoandika cheo kizima. Mama yangu mmemkaimisha mpaka kaburini. Mimi hapana."

Ofisa aliangalia huku na huku. Walimu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki waliinuka wakasimama upande wa Cheche. Bahasha ikarudi mfukoni ilikotoka. Jana mchana mume wa marehemu aliomba mambo haya yaandikwe yote, kwa sababu, alisema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002 mtu kumwambia ofisa yule hapana.

Dada Mkubwa, kazi umeifanya. Mungu akupe pumziko lako lote, kuanzia leo.