Urefu wa Mtoto wa Kilimani

Benchi letu liko ukutani kwa mhunzi, hapa Yorkshire, mahali ambapo upepo wa nyika haukufikii sawasawa, na birika letu huchemka kwa moto wa mhunzi mwenyewe. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mzee Amos tunayemwita Hakimu, Bi Tabitha tunayemwita Gazeti, na mimi na soksi yangu ya kufuma. Kengele ya kanisa ilikuwa imekwisha lia. Mtoto wa Bwana Thackray wa kilimani, yule mgonjwa wa miaka kumi na sita, alikuwa amefariki.

— Mapafu hayo, akasema Hakimu.

— Mapafu wapi! Dawa. Kila mchuuzi aliyepita kamwachia chupa yake.

— Ulizionja, Gazeti?

— Nilizinusa! Na baba mtu maziwa alikuwa akimnyima. Akimwita “kile kitu.”

— Si wake yule. Majini wa nyikani walimwiba mtoto kitandani, wakamwacha wa kwao. Ndiyo maana hakupata joto hata kwa makaa ya mgodi mzima.

— Mzee, chai imekupanda kichwani. Yule kafa tangu majira ya baridi. Baba alikuwa akimkalisha dirishani aonekane hai, ili urithi aliomwachia mama yake usiondoke.

— Sasa aliyekuwa akipunga mkono ni nani? nikauliza.

— Pazia hilo, mwanangu.

Tukacheka. Ndipo akatokea Enoch seremala, kamba ya kupimia shingoni.

— Bwana Thackray kanifungia mlango, hataki nimpime marehemu. Kasema nichonge jeneza lolote, mazishi kesho. Jamani, kijana alikuwa na urefu gani?

Hakimu akainua kiganja hadi kifuani, akakipandisha begani, kisha akakishusha.

— Mimi nilimwona amekaa tu.

— Gazeti?

— Dirishani. Kuanzia hapa kwenda juu.

Enoch akatutazama mmoja mmoja.

— Basi nitachonga la mtu mzima.

— Atayumba humo ndani, mwanangu, wakimteremsha kutoka kilimani, akasema Gazeti kwa sauti ndogo.

Kwetu maiti huzikwa na nguo za sufu. Gazeti akavua shali yake.

— Mjazie miguuni.

Hakimu akatoa skafu. Mimi nilikuwa na soksi moja tu, na ya pili sijaianza. Nikafunga uzi, nikakata.

Enoch akaipokea, akaigeuza mkononi.

— Itamtosha?

Na hilo nalo hatukulijua.