Dakika Kumi na Sita za Refa Razafimbelo

Wazee wa ukoo, ndugu wa Betafo na Antsirabe, majirani, nanyi mliofika jana kutoka Toamasina, kabla sijasema lolote naomba mniondolee lawama, maana wapo hapa wakubwa waliostahili kusimama mbele yangu, nami ni mkwe tu, tena mtu wa pwani, jina langu Tombozafy, lakini Mama ameamua historia hii niisome mimi, na sababu yake mtaijua mwishoni.

Marehemu baba yetu, Razafimbelo Gaston, alizaliwa Betafo tarehe 3 Mei 1958, mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo Betafo kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari Antsirabe hadi 1976, na tarehe 2 Januari 1978 akaajiriwa katika stesheni ya reli ya Antsirabe, alikoanza kwa kufagia na kuishia kuwa mkuu wa stesheni, hadi alipostaafu mwaka 2018. Kazi hiyo ndiyo iliyompa saa na filimbi, na alipopata cheti cha urefa mwaka 1985 alivihamishia vyote viwili uwanjani, wachezaji wakawa wanataniana, "Kwa Gaston hata mpira unaondoka kwa ratiba."

Tarehe 16 Julai 1983 alifunga ndoa na Mama yetu, Ravaonirina, wakajaliwa watoto wawili, Voahirana, ambaye ni mke wangu, na Tiana.

Jumapili tarehe 24 Februari 2002, wakati wakubwa wa nchi wanagombea kiti kimoja cha urais, alichezesha fainali ya kombe la taifa hapa Antsirabe, kati ya Ombalahy, timu ya mji huu, na Onja ya Toamasina, ambayo mimi nilikuwa kipa wake. Tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja, sisi Onja tumepata kona, mpira umeshawekwa kwenye kibendera, mara risasi zikalia upande wa soko na watu wakamiminika uwanjani, naye akapuliza filimbi, akatazama saa, akaandika kwenye ripoti yake, huku sisi tunakimbia, kwamba mchezo umesimamishwa dakika ya sabini na nne.

Wiki hiyo barabara ya kwenda kwetu pwani ilifungwa kwa magogo na mawe, baadaye madaraja yakavunjwa, nasi watu kumi na wanane tukawa hatuna pa kwenda, na huyu mtu mnayemwona amelala hapa akatuchukua wote nyumbani kwake, hadi tarehe 11 Julai, mji ukiwa hauna mafuta ya taa wala chumvi. Baadhi ya majirani walimjia juu, "Gaston, unawalisha watu wa pwani waliotufungia njia?" naye akawajibu, "Njia hawakuifunga hawa, na isitoshe wana kona yao haijapigwa." Mwishowe majirani hao hao ndio walioleta karoti na mihogo.

Lakini hakula nasi hata siku moja. Alitupakulia wali kwa mkono wake, kisha akachukua sahani yake akaenda kula amesimama uani, karibu na bomba, hata mvua ikinyesha, kwa sababu kwake refa hali meza moja na timu ambayo mchezo wake haujaisha, na shirikisho la mpira lilipotangaza kwamba kombe la mwaka ule limefutwa, aliliandikia barua kwamba mchezo uliosimamishwa si mchezo uliokwisha, akangoja jibu hadi anakufa. Nilipomwoa Voahirana mwaka 2004 alikula uani siku ya harusi, akala uani wajukuu walipozaliwa, na mimi nilicheka mbele za watu, lakini ukweli iliniuma, kwa kuwa nilimpenda mzee huyu na nilitaka kula naye.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akadhoofika, na alipoulizwa anataka nini alisema anataka dakika zake kumi na sita. Jumapili tarehe 8 Septemba mwaka huu wa 2024 timu zote mbili zikarudi uwanjani, wenye vitambi na wenye fimbo, naye akachezesha akiwa kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na Tiana, ile kona ikapigwa baada ya miaka ishirini na miwili, ikapita juu, na dakika ya themanini na nane akapuliza penalti dhidi yangu mimi, mkwe wake, kwamba nimemwangusha mshambuliaji wao, Ombalahy wakafunga, akapuliza filimbi ya mwisho, akalia.

Jioni hiyo aliketi mezani katikati yetu akala wali, kidogo, lakini akala, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, macho yangu siku hizi hayako sawa, ulimgusa yule au hukumgusa?" nami kwa kiburi cha kufungwa nikamwambia, "Sikumgusa, Baba." Mama anasema aliulizia jambo hilo kila siku hadi Alhamisi tarehe 19 Septemba, alipoaga dunia saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuvumilia tangu 2002, wafanyakazi wenzake wa reli, marefa wenzake, na wachezaji wa Ombalahy na Onja, ambao leo watakula wali wa msiba pamoja, na ninaomba asiwepo hata mmoja wa kula amesimama uani.

Na sasa Mama amenitazama, najua ninachodaiwa. Baba, nilimgusa, nilimshika mguu kwa mkono wa kushoto, na wewe ukiwa mgonjwa, umekaa kwenye kiti, mbali hatua thelathini, uliona sawasawa. Ilikuwa penalti. Lala sasa kwa amani, mchezo umekwisha.