Mwalimu Sabina Nampota na Kaseti za Darasa la Tatu

Ndugu, jamaa na marafiki, haya ni maisha ya Mwalimu Sabina Lukasi Nampota, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2008, hapa Likombe. Yameandikwa na mdogo wake, Josephu Nampota, ambaye ndiye anayewasomea. Ni marehemu mwenyewe aliyeagiza iwe hivyo, na sababu mtaisikia.

Mwalimu Sabina alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Chiungutwa, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Lukasi Nampota, katekista na mkulima wa korosho, na Mama Raheli, ambaye tunaye hapa leo. Ualimu wake ulianza mapema. Josephu alipokuwa na miaka mitano na hataki kabisa kushika kitabu, dada yake alimwuliza, "Leo unataka kula nini?" Akajibu, "Karanga." Sabina akaliandika neno hilo mchangani kwa kidole na kusema, "Lisome kwanza, ndipo utakula." Kwa njia hiyo Josephu alianza shule akiwa tayari anajua kusoma vyakula vyote vya nyumbani kwao, lakini hajui kusoma jina lake mwenyewe.

Alisoma Shule ya Msingi Chiungutwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akaendelea na masomo ya sekondari mjini Masasi na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka uliofuata na kupata cheti cha Daraja la Tatu A. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Newala. Wanafunzi wake wa huko walimkumbuka kama mwalimu aliyeingia darasani na gunia la vitu: vibuyu vya kupimia ujazo, kamba za kupimia urefu, mbegu za kunde za kuhesabia.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Dickson Mwakyoma, mzaliwa wa Tukuyu, fundi umeme wa bandari ya Mtwara. Mungu aliwajalia watoto wawili, Doris na Lukasi. Waliishi kwanza Rahaleo, baadaye wakajenga hapa Likombe. Shemeji Dickson alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kilichokufa bila kukifungua, na nyumba yao haikuwahi kukosa redio iliyotawanywa mezani. Sabina alilalamika kwa miaka kumi na nne, hadi siku alipoomba moja ya redio hizo aende nayo shuleni.

Hapo tunafika kwenye shule ambayo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya maisha yake. Mwaka 1992 alihamishiwa Shule ya Msingi Litundulu, kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Siku za kazi aliishi kwenye nyumba ya walimu, na Jumamosi alirudi mjini kwa mumewe na watoto. Mwaka 1994 alipewa Darasa la Tatu, watoto sabini na mmoja. Nyumbani kwao walizungumza Kimakonde na wengine Kimakua. Darasani waliitikia kwa pamoja kila alichosema mwalimu, lakini ukimsimamisha mmoja peke yake, alitazama chini hadi umruhusu kukaa.

Mmoja wao, binti aitwaye Riziki, hakuwahi kutoa hata neno moja darasani kwa miaka miwili. Walimu waliamini ni bubu. Mama yake, Bi Mwanakombo, alipoitwa shuleni alishangaa sana.

"Bubu? Riziki wangu? Mwalimu, njoo nyumbani jioni ukamsikie. Mimi huwa namwomba anyamaze nipumzike."

Sabina alikwenda. Alimkuta mtoto kwenye kazi ya kubangua korosho pamoja na mama yake, akisimulia bila kupumua. Jumamosi iliyofuata akamwomba mumewe redio kaseti yenye kipaza sauti, na Jumatatu akarudi nayo Litundulu pamoja na kaseti tupu. Alikaa na Riziki barazani, wawili tu, akamwambia amfundishe kubangua, kwa kuwa yeye ameolewa mjini na amesahau. Mtoto akamfundisha, redio ikirekodi. "Ganda lina mafuta yanayobabua. Usishike na mkono mtupu. Mama ana alama hapa na hapa." Kesho yake Sabina akaicheza kaseti hiyo mbele ya darasa zima. Riziki alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

"Mwalimu, huyu anajua Kiswahili kuliko mimi."

"Huyu ni wewe."

Kuanzia siku hiyo kila mtoto alitaka kurekodiwa. Walisimulia namna baba anavyopuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, namna bibi anavyoanika makopa ya muhogo, namna mjomba alivyovuka mto kwenda kuoa upande wa pili. Kisha waligawanyika makundi, wakasikiliza, wakaandika walichosikia, wakasahihishana. Mtoto aliyesikia amekosea aliomba arekodiwe upya, hata mara nne. Mawe ya redio yalikuwa yakiisha upesi, na shemeji Dickson akaunga waya wa kutumia betri ya gari, ambayo Sabina aliichukua mjini kila mwisho wa juma ikiwa imechajiwa. Alipanda na watoto wale hadi Darasa la Tano. Katika msimu wa korosho, madarasa mengine yalipobaki nusu tupu, lake lilijaa.

Sasa inakuja sehemu ambayo marehemu alikataza isirukwe.

Jumatano, tarehe 17 Julai 1996, wakaguzi wa shule walifika Litundulu bila taarifa, na aliyewaongoza alikuwa Josephu, mdogo wake. Alikuwa na miaka thelathini na sita na cheo kilikuwa bado kipya mwilini mwake. Aliogopa isije ikasemwa kwamba anampendelea dada yake. Alikuta watoto wamekaa makundi makundi, wengine ndani, wengine barazani, ubao hauna kitu, redio inaongea, na mwalimu amechuchumaa katikati ya wanafunzi. Aliomba andalio la somo. Lilikuwapo, lakini halikufuata mpangilio uliotakiwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Amiri, alimletea daftari la mahudhurio na kumwambia kwa upole, "Mheshimiwa, hebu tazama na hili." Josephu hakulifungua.

Katika taarifa yake aliandika kwamba mwalimu anatumia muda wa masomo kwa burudani. Alichukua kaseti tatu kuwa vielelezo. Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ile ya Riziki.

Kabla hajapanda gari, dada yake alimfuata.

"Josephu, umewauliza watoto?"

"Dada, mimi nimekuja kukagua mwalimu. Sikagui watoto."

"Basi kaseti zangu utanirudishia?"

"Nitazirudisha."

Hakuzirudisha. Ziliwekwa kwenye kabati la ofisi, ofisi ikahamishwa jengo, na alipokwenda kuzitafuta hazikuwepo. Sabina alipewa barua ya onyo na kuzuiwa kuingia na chombo hicho darasani. Januari 1997 alihamishiwa shule nyingine karibu na mjini, akapewa Darasa la Kwanza na chaki. Hakulalamika kwa mtu. Nyumbani mumewe aliona tu kwamba ameacha kuomba redio, na kwamba jioni anasahihisha madaftari bila kusimulia habari za watoto kama zamani. Kule Litundulu, Riziki alimaliza mwaka 1996 akiwa amerudia ukimya wake, na kabla ya mwaka 1997 kwisha aliacha shule. Baadaye aliolewa ng'ambo ya mto.

Novemba 2003, Bi Mwanakombo alikuja hapa Likombe kwa mguu na kwa kudandia malori. Riziki alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kwa uzazi, akiwa na miaka kumi na tisa, na mtoto hakupona. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama alikuwa amekumbuka ile kaseti.

"Nisikilize mara moja tu, mwalimu. Halafu nitakuachia."

Sabina alimwambia kwamba kaseti imepotea. Hakumwambia ni nani aliyeipoteza. Bi Mwanakombo alishukuru kwa maji aliyopewa, akaondoka, na hakurudi tena katika nyumba hii.

Mwaka 2005 mitaala ilibadilishwa, na wakaguzi wakaitwa kwenye semina hapa mjini. Kwa siku tatu waliambiwa kwamba mwanafunzi ndiye awe mtendaji, kwamba watoto wafanye kazi kwa makundi, kwamba redio, kaseti na kompyuta ni zana halali za kufundishia. Josephu alikaa safu ya mbele akiandika. Mwezeshaji aliuliza kama kuna anayemjua mwalimu yeyote mkoani aliyewahi kujaribu mbinu hizo. Josephu alimjua. Aliinamia daftari lake hadi swali lilipopita.

Siku ya tatu, baada ya semina, alikuja hapa nyumbani. Alimkuta dada yake anachambua mchele. Alimweleza yote, pamoja na lile swali ambalo hakulijibu, akamwomba msamaha. Sabina aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema:

"Mimi nilikusamehe siku nyingi, mdogo wangu. Ungeniuliza ningekwambia. Lakini ile kaseti haikuwa yangu. Nenda kwa Mwanakombo, umwambie kwa kinywa chako."

Josephu aliahidi kwenda. Kwanza ilikuwa mvua, kisha kazi, kisha aibu ambayo kila mwezi ilizidi kuwa nzito. Miaka mitatu ikapita.

Hata hivyo, Mungu hakumwacha Mwalimu Sabina amalize kazi kwa huzuni peke yake. Mwaka 2006 shule aliyokuwa akifundisha ilipata kompyuta mbili zilizokwishatumika. Zilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu zikiwa zimefunikwa kitambaa, kwa kuogopa vumbi na vidole vya watoto. Sabina, akiwa na umri wa miaka hamsini, alimwomba binti yake Doris amfundishe kuchapa, akajifunza kwa kidole kimoja kimoja, kisha akaenda kumwambia mwalimu mkuu, "Zikiharibika darasani, zitakuwa zimefanya kazi. Hapa zinaharibika bure." Zikahamia Darasa la Sita. Watoto watano walikaa mbele ya kila moja: mmoja anachapa, mmoja anasoma kwa sauti, watatu wanagombana juu ya herufi kubwa. Walimu vijana walianza kupita dirishani kutazama, na wengine wakaingia. Wengi wao wako hapa.

Kazi hiyo haikufika mbali. Februari 2007 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Dar es Salaam mara mbili, akarudi, akafundisha alipopata nguvu, na Machi 2008 akashindwa kusimama. Shemeji Dickson alimuuguza kwa mikono yake, na Doris alichukua likizo kazini ili awe karibu na mama yake. Mwezi Agosti alimwita Josephu kitandani.

"Wasifu wangu utausoma wewe. Na usiuruke mwaka wa tisini na sita."

"Dada, watu watasemaje?"

"Waseme. Walimu vijana watakuwepo, na wakaguzi watakuja kwa sababu yako. Nataka wote wasikie kwa pamoja." Kisha akauliza, "Mwanakombo hajaja kuniona. Ulikwenda?"

Josephu alisema atakwenda wiki ile. Hakwenda.

Mwalimu Sabina alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Septemba 2008, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jana, Jumatano, Josephu alikwenda Litundulu kupeleka taarifa ya msiba. Alimkuta Bi Mwanakombo anaanika makopa, akiwa katika mfungo wa Ramadhani. Alimwamkia, akamwambia habari ya kifo, kisha akamwambia habari ya kaseti, tangu siku ile ya ukaguzi hadi kabati la ofisi. Mama yule aliweka ungo chini.

"Miaka mitano," alisema, "nimeamini mwalimu aliitupa kaseti ya mwanangu, akaona haya kuniambia. Niliposikia anaumwa, nilisema sina mguu wa kwenda kwake. Kumbe alikuwa anakufichia wewe." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ungekuja hata mwezi uliopita, baba. Mwezi uliopita tu. Ningekwenda kumwosha miguu."

Bi Mwanakombo aliuliza gari linaondoka saa ngapi. Yupo hapa, amekaa na akina mama wa familia, upande wa Mama Raheli.

Familia inawashukuru walimu wenzake, majirani wa Likombe na Rahaleo, wafanyakazi wa bandari, wanakwaya, na ndugu zetu Waislamu waliochimba kaburi wakiwa wamefunga. Marehemu ameacha mume, Bwana Dickson Mwakyoma, watoto wawili, Doris na Lukasi, mjukuu mmoja, mama yake mzazi, Mama Raheli, na wadogo zake watatu, mmoja wao akiwa huyu aliyesimama mbele yenu.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu Sabina, na ampe huko utulivu ambao sisi wa damu yake tulichelewa kumpa.